Satelaiti za Wachina zitapita juu ya Pemba, tutake tusitake

Kazi yangu ni kufunga madishi hapa Wete, na wateja wangu wengi wanaijua satelaiti moja tu: ile inayowaletea mpira. Hiyo iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, inakwenda sambamba na mzunguko wa dunia, kwa hiyo ukishaipata unakaza nati na kuondoka. Pemba tuko nyuzi tano tu kusini ya ikweta, basi dishi la satelaiti iliyo karibu na utosi wetu hulala chali kama sinia. Masika ikija linajaa maji. Mimi hutoboa tundu dogo chini, kisha naupaka ukingo rangi usile kutu.

Satelaiti wanazozirusha Wachina sasa hazikai pahala pamoja, na ndizo ninazotaka tuzizungumze.

Serikali ya China iliruhusu mitaji binafsi katika mambo ya anga mwaka 2014. Mwaka wa pili yake ikaanzishwa kampuni ya LandSpace, na Julai 2023 roketi yao Zhuque-2 ikawa ya kwanza duniani kufika kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, kwa kuchoma methani na oksijeni kimiminika, kabla ya Wamarekani. Januari 2024 kampuni nyingine, Orienspace, ikarusha roketi ya Gravity-1 kutoka juu ya meli, baharini karibu na Haiyang, mkoa wa Shandong. Vijana walionionesha video walistaajabu. Lakini pwani yetu imeyaona haya: Waitaliano walikuwa wakirusha roketi kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi tangu 1967, na Disemba 12, 1970 satelaiti ya Wamarekani iliyoruka hapo ikapewa jina Uhuru, kwa kuwa Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake siku hiyo.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Agosti 6, 2024, kutoka Taiyuan, zilipaa satelaiti 18 za kwanza za Qianfan, mradi wa intaneti wa kampuni ya Shanghai, unaokusudia kufikisha zaidi ya 10,000. Disemba mwaka huohuo ukaanza mradi wa serikali ya China yenyewe, Guowang, wa satelaiti karibu 13,000. Hizi huruka chini sana, ndiyo maana mawasiliano yake hayachelewi. Lakini satelaiti ya chini haiwezi kusimama juu ya Beijing. Inakupitia kwa dakika chache, inazama, nyingine inapokea zamu. Ikitoka China inavuka Pasifiki, inapita Brazil, inapita Mkondo wa Pemba, na saa zote hizo iko macho, inakula umeme wa jua na kuzeeka. Kama hapa chini hakuna anayeilipia, muda huo ni hasara tupu kwa mwenyewe.

Hapo ndipo ilipo nguvu yetu. Kampuni ya aina hii haiwezi kutegemea wateja wa nyumbani peke yao, lazima itoke ikatafute wengine. Novemba 2024 wale wa Shanghai walitia saini makubaliano na Telebras, kampuni ya mawasiliano ya serikali ya Brazil, na wakati huo walikuwa na satelaiti chache mno angani. Mwezi huohuo satelaiti ya Oman ilipaa kutoka Jiuquan kwa roketi ya Lijian-1 ya kampuni ya CAS Space. Ndugu zetu wa Maskati wameshakaa kitako na Wachina. Sisi tunasubiri nini?

Na mimi ninachokitaka kwanza si intaneti. Ninataka ujumbe wa mvuvi. Mdogo wangu huenda dago, yaani kambi ya wavuvi, simu anaitia ndani ya kidumu chenye kifuniko ili isirowe. Kusi iliyopita mashine ya boti yao ilizima usiku. Simu ilikuwa na chaji, mtandao hakuna. Wakachukuliwa na mkondo mpaka alfajiri, boti nyingine ilipowaona. Mama hakulala, na mimi mwenye kazi ya mawasiliano nilikuwa sina la kumwambia.

Wavuvi wa China wenyewe wana miaka wakituma ujumbe mfupi kutoka baharini kwa vifaa vya BeiDou, mfumo wa satelaiti wa China unaofanana na GPS. Simu nyingi zinazoletwa hapa dukani zinapokea BeiDou ili kujua mahali ulipo, ila hizo zinasikiliza tu, hazisemi. Kifaa cha kusema ndicho tunachopaswa kukidai: kitufe cha kuomba msaada bila malipo, bei ya kifaa ambayo boti moja inaweza kuimudu kwa msimu, na fundi wa kukitengeneza hapahapa kisiwani. Yawekwe kwenye masharti ya leseni kabla TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, haijagonga muhuri. Nitaumia sana wakija na intaneti ya hoteli za Nungwi halafu wavuvi wa Kojani wakaambiwa wasubiri.

Muda wa kusema ni huu, kwa sababu wenyewe bado wanahangaika na roketi. Zhuque-3, roketi nyingine ya LandSpace, ilipaa mara ya kwanza Disemba 3, 2025 na ikafika kwenye obiti, lakini kipande chake cha chini, kilichotakiwa kurudi na kutua wima ili kitumike tena, kilianguka na kuharibika. Mpaka waliweze hilo, kurusha satelaiti kwa maelfu kutabaki ghali, na anayebanwa na gharama humsikiliza mteja. Akishajaa wateja hakusikilizi tena.

Nimeshazungumza na kamati ya wavuvi ya shehia yetu, na barua ya kwenda Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi tunaiandika. Wanachohitaji ni ramani ya pahala mtandao unapokatika. Kama una ndugu anayevua, awe Msuka, Kojani au Kisiwa Panza, muulize ni wapi simu yake hufa, upande gani wa kisiwa na mwendo wa muda gani kutoka pwani, kisha niandikie hapa chini.