Siku niliyouliza kuhusu lile giza

Tarehe 10 Aprili 2019 tulikua kama watu kumi tumebanana mbele ya laptop moja tunasubiri picha ya kwanza ya shimo jeusi, lile la katikati ya galaksi ya M87, uzito wake mara bilioni 6.5 ya jua letu, na ile pete ya chungwa yenye giza katikati ilipotokea watu wakapiga kelele, wengine wakaiweka status hapohapo. Mi nikamgeukia mwalimu wetu wa fizikia, nikamuuliza, mwalimu, tunajuaje hilo giza ni shimo kweli?

Akafuta ubao. Akasema kuna kitu kinaitwa nyota ya bosoni, mimi ndo kwanza nasikia. Elektroni, protoni na neutroni hazikubali kukaa mbili kwenye hali moja, lakini bosoni, chembe za aina nyingine, zinarundikana tu zote pamoja, kwahiyo zikiwa nyingi sana zinaweza kua kama wimbi moja kubwa linaloshikwa na mvutano wake lenyewe, na haliporomoki kwa sababu ya ile kanuni ya Heisenberg, ukiibana chembe sehemu ndogo ndo inazidi kuhangaika. Mwanafizikia Kaup alishapiga hizo hesabu 1968, wenzake Ruffini na Bonazzola wakafuata 1969. Mpaka leo haijaonekana hata moja.

Kilichoninyima usingizi ni hiki: haina uso. Haiwaki, haina ule mpaka wa shimo jeusi ambao ukivuka hurudi, yaani mwanga unaingia huku unatokea kule, halafu bado ina mvutano wa kupinda mwanga na kuzungusha gesi, ukiwa mbali unaweza kuapa ni shimo jeusi.

Nikauliza, sasa hii ni ipi? Akasema pete imekaa kama shimo jeusi linavyotakiwa, nyota ya bosoni ingetegemewa kua na giza dogo zaidi, ila usiandike imethibitishwa, andika inalingana. Nikaandika kwenye daftari, nikapiga mstari.

2021 nikasoma kuna timu imerudia kuuchambua mtetemo wa GW190521, ule wa mawimbi ya mvutano, yale yanayotoka vitu vizito vikigongana huko angani, uliodumu kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, wakasema unalingana pia na nyota mbili za bosoni kugongana. Wengi bado wanasema yalikua mashimo meusi, na mi naona wana haki, mtetemo wenyewe mfupi mno. Ila mikono ilinitetemeka. Nilimtumia mwalimu usiku uleule, kumbe alikua ashaisoma.