Kibaraza chetu cha mbao na kwa nini siku hizi nangoja Julai

Leo asubuhi nimeingia chini ya kibaraza na tochi na bisibisi, nimetoka na mchanga mpaka kwenye nywele, na nimepata mbao tatu za kubadilisha, zote upande wa jikoni, zote zimeozea kwenye kichwa, yaani pale mwishoni mbao ilipokatwa. Mvua imekata kama wiki moja tu iliyopita kwaiyo sibadilishi kitu sasa ivi. Nangoja. Mume wangu kauliza kama tatizo tumeshaliona kwa nini fundi asije kesho, nikaona jibu lake refu, basi ngoja niliandike hapa, huenda kuna mtu mwingine wa pwani mwenye kibaraza cha mbao anajiuliza vilevile.

Sisi tuko Tanga, Sahare, bahari haiko mbali. Kibaraza kina mita 4 kwa 6, tulikijenga 2016, boriti za chini ni paini ya kutiwa dawa ya inchi 2 kwa 6, ile yenye ukijani inayotoka Mufindi, na juu tumepiga mtiki wa Longuza, Muheza, maana kwetu huku mtiki si wa kutafuta mbali na ni mbao yenye mafuta yake yenyewe, mchwa hawaipendi. Lakini mtiki mzuri ni ule wa kiini, wa kahawia. Ule weupe wa pembeni unaoza na unaliwa kama mbao nyingine yoyote, na hizo tatu nilizozikuta leo mbili zina weupe, siku ile ya kununua hatukujua kuangalia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa Februari 2018. Kaskazi inavuma, jua la kupasua kichwa, mbao kavu kabisa, nikaona huu ndo wakati, nikapaka vanishi ile ya kung'aa koti mbili mchana kweupe. Ilipendeza mno. Sasa mbao ya Februari imesinyaa, na vanishi kwenye jua lile inakauka juu kabla haijashika vizuri, af inakuwa ngozi ngumu. Ikaja Aprili, mbao ikanywa maji kwenye vichwa na kwenye matundu ya skrubu, ikavimba, ile ngozi haivutiki, ikapasuka, maji yakaingia chini yake na hayana pa kutokea. Kufika Julai inabanduka kama magamba ya samaki. Nilitumia siku nne na msasa kuitoa yote na nililia kiukweli, maana hela ile tulikuwa tumeibana kwenye mambo mengine.

La pili ni mwaka uliofuata. Idi ilikuwa mwanzoni mwa Juni, wageni wanakuja, nikamwita fundi mwezi wa tano katikati ya mvua abadilishe mbao mbili na tupake mafuta. Mbao zimelowa, mafuta yakabaki juu yananata, watu wamekuja na kanzu zao nyeupe wanakaa, wanainuka na madoa. Na zile mbao mbili zilikuwa mbichi, zilipokuja kukauka mwezi wa nane zikaacha nafasi mtoto anaingiza vidole.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja jirani, fundi wa majahazi, ameshaacha kazi kwa ajili ya mgongo. Nilimpelekea futari, shikamoo, marahaba, akatazama kibaraza akaniambia mwanangu, chombo hatukipaki sifa (yale mafuta ya papa) kikiwa kimelowa na hatukipaki kikiwa kinaungua, tunakivuta juu bamvua, maji yakijaa sana, tunakikwangua, tunakiacha kipigwe na upepo, af ndo deheni (shahamu iliyochanganywa na chokaa) chini na sifa ubavuni. Yaani kazi kubwa kwao ni ule upepo. Nilikuwa nalihesabia jua, kumbe jua linakausha juu tu na kuichoma, upepo ndo unaoitoa maji mbao taratibu mpaka ndani.

Kwaiyo kazi zote kubwa nimezihamishia Julai na Agosti, kipupwe, kusi inavuma, jua lipo lakini si la kutoboa. Najuaje kama mbao imekauka? Kwa msumari wa inchi nne. Fundi alipiga mbao zetu akiweka msumari huo katikati kama kipimo cha nafasi, ni kama milimita 5. Masika mbao inavimba kwa upana (kwa urefu haibadiliki kitu cha kuonekana), nafasi inapungua milimita moja au mbili na msumari unagoma kupita. Ukianza kupita tena wenyewe bila kusukumwa, pale pale kwenye kivuli na sio sehemu ya jua tu, naita fundi. Leo nimejaribu, umegoma sehemu zote za upande wa jikoni. Ndo jibu la mume wangu hilo.

Ikifika siku yenyewe naanza kuosha, maji ya bomba na sabuni ya kawaida na brashi, nasugua kufuata nyuzi za mbao, kwa sababu kusi inaleta chumvi na mchanga na ukipaka juu ya chumvi umepaka bure. Klorini situmii, inakula nyuzi za mbao zinabaki kama manyoya. Mashine ya maji ya presha ile ya kuoshea magari, hapana kabisa. Naacha siku tatu. Af mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, koti ya kwanza nazimua na tapentaini, napaka saa nne asubuhi umande ukishakwisha, na baada ya robo saa nafuta yote ambayo haijaingia. Hapa watu wanapenda kuacha nyingi wakidhani ndo inalinda, inaota koga nyeusi, sisi huku tuna unyevu sana. Kwenye vichwa vya mbao ndo narudia mara tatu nne, kichwa kinanyonya maji kuliko sehemu nyingine yoyote, na nikiangalia kila mbao iliyowahi kuoza hapa nyumbani imeanzia huko au kwenye tundu la msumari.

Na jamani, matambara ya linsidi msiyakunje mkayatupia stoo. Yanajipasha moto yenyewe na kuwaka bila mtu kuyagusa. Ya kwangu nayaloweka kwenye ndoo ya maji.

Misumari ya kawaida tumeitoa yote, tunatumia skrubu za stenlesi. Ni ghali, tulinunua kidogo kidogo miaka miwili, lakini chumvi ya hapa inakula chuma upesi, kutu inavimba inapasua tundu, na mtiki ukigusana na chuma unatoa doa jeusi.

Miezi mingine ni kazi ndogo tu. Januari na Februari nakaza skrubu zilizolegea na natia alama mbao zenye mashaka. Mwanzoni mwa Machi nakwangua majani yaliyokwama kwenye nafasi na nahamisha vyungu vya maua, chini ya chungu ndo pana maji siku zote. Masika yenyewe nafagia na natazama maji yanatuama wapi. Kumbikumbi wakiruka tu kesho yake nachungulia nguzo kama kuna njia za udongo za mchwa. Vuli ikikaribia, mwezi wa kumi, namwaga matone ya maji, yakisimama kama shanga mafuta bado yapo, yakizama mbao ina kiu, napaka koti moja kama kuna siku kavu za kutosha, kama hazipo naacha. Na hiki hakipigwi deki kila siku kama vigae, dada wa kazi nimemwelewesha, ufagio unatosha.

Rangi ya kijivu inayokuja juu naiacha. Mtiki unaota mvi tu, haujaoza, ukikwangua kidogo chini ni kahawia ileile. Kilichooza bisibisi inazama.

Mbao mpya tatu ziko ubavuni mwa nyumba tangu Novemba, kivulini, zimepangwa na vijiti katikati hewa ipite, zote za kiini, nimezichagua mwenyewe Muheza. Upande wa jikoni nimeufunga kamba watoto wasipite. Jumamosi najaribu msumari tena.