Paka watatu, mabeseni manne

Wiki tatu nzima Doa alikojolea mkeka wa sebuleni, nami nikimgombeza bure. Nina paka watatu, na wote walitumia mabeseni mawili ya mchanga niliyoyabananisha nyuma ya mlango wa choo.

Jioni moja nikatulia nikamtazama. Alifika mlangoni akamkuta Kungu amejilaza kizingitini, mkia ukipigapiga sakafu. Doa akageuka taratibu, akaelekea mkekani. Kumbe hakuwa mkaidi, maskini, alizibiwa njia! Mabeseni yaliyobanana, kwa paka ni choo kimoja tu.

Madaktari wa mifugo hushauri beseni moja kwa kila paka, na moja la ziada. Nikaongeza mawili, nikayatawanya: moja barazani, moja chumbani. Mchanga najaza kina cha sentimita 5 hivi, uchafu nauchota asubuhi na jioni. Mkeka nikaacha kuusugua kwa dawa ya klorini, maana ikikutana na mkojo hutoa hewa ya sumu. Nikatumia siki na maji, kisha nikauanika juani kutwa.

Siku ya nne mkeka ulikuwa mkavu.

Ila dume akijikamua na mkojo hautoki, achana na mabeseni. Mkimbize kwa daktari siku hiyohiyo.