Hojaji yangu ya kwanza ilivyonidanganya

Nilipoanza shahada ya uzamili ya elimu nilikuwa nimeshafundisha Kiswahili sekondari miaka tisa, na nilidhani mbinu za utafiti ni somo la kukariri tu. Nikakariri kweli. Usampulishaji nasibu, usampulishaji lengwa, uhalali, uaminifu, ontolojia, epistemolojia (hayo mawili ya mwisho nilikuwa nayasoma kwa kunong'ona, kama dua). Mtihani nikafaulu. Siku ya kukaa kuandika pendekezo la tasnifu, sikujua pa kuanzia.

Mada nilikuwa nayo: viboko. Kanuni za mwaka 2002 hapa Tanzania zinataka viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa ya maandishi, na kila adhabu iandikwe daftarini. Nilitaka kujua walimu tunazifuata kwa kiasi gani. Eneo nililolilenga lilikuwa na walimu 400. Nikaingiza idadi hiyo kwenye fomyula ya Yamane, ile ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, kwa kosa linalokubalika la 0.05, ikawa 400 kugawanya kwa 2, jibu walimu 200 wa kuwapa hojaji. Nikajiona mtafiti kamili.

Rasimu ikarudi kutoka kwa msimamizi na mstari mmoja wa kalamu nyekundu: "Mwalimu, jaribu kwanza kwa watu kumi."

Nikatoa nakala kumi za hojaji, yaani karatasi ya maswali, nikazigawa ofisini kwetu saa ya chai. Ile nusu saa ilinifundisha kuliko muhula mzima. Sentensi namba 7 ilisomeka hivi: "Mwalimu hapaswi kutofuata kanuni na ni lazima aandike kila adhabu." Wachague kati ya nakubali sana mpaka nakataa kabisa. Mwalimu wa hisabati akanyanyua kichwa: "Sasa mwenzangu, nikikubali hapa nimekubali lipi?" Kukanusha mara mbili, halafu mambo mawili kwenye sentensi moja. Nilikuwa nimetafsiri hojaji ya Kiingereza neno kwa neno, mimi mwalimu wa Kiswahili! Wengi walikimbilia "sina uhakika", na siwalaumu.

Namba 12 ndiyo iliyoniumbua. "Nimewahi kuchapa zaidi ya viboko vinne." Wote kumi: hapana. Madam mmoja alijaza hapana yake huku fimbo iko pale pale mezani, imegandamiza madaftari yasipeperuke.

"Madam, hapana kweli?"

Akacheka. "Si umeandika jina la shule hapa juu? Unataka niende wapi?"

Usiku ule nilirudi kwenye madokezo yangu, na safari hii yale maneno yalikuwa na sura za watu. Ningewauliza tena kesho wangejibu vilevile, hivyo uaminifu, yaani kipimo kutoa majibu yale yale kila mara, ulikuwepo tele. Uhalali, yaani kupima kile ulichokusudia kupima, ndio haukuwepo, maana hojaji ilikuwa inapima woga wa walimu, viboko haikuvigusa. Na usiri wa washiriki, ambao nilikuwa nimeuandikia aya moja ya kupendeza kwenye maadili ya utafiti, nilikuwa nimeuvunja mwenyewe kwenye kichwa cha karatasi.

Nikaziacha hojaji 200, nikahamia kwenye mahojiano. Fomyula haikunisaidia tena, kwa sababu kwenye mahojiano unaacha pale unapoona wahojiwa wapya hawaongezi jipya. Swali la kufungulia nalo likabadilika: "Hebu nisimulie mara ya mwisho ulipomwadhibu mwanafunzi." Nilimjaribia yule Madam, nje ya shule, Jumamosi, bila kuandika jina lake popote. Alizungumza dakika arobaini. Alianza na utoro, akaingia kwenye darasa lenye wanafunzi wengi, akafika kwenye fimbo alizochapwa yeye akiwa mtoto. Kuyaandika maneno yake kutoka kwenye simu kulinila siku nzima iliyofuata. Atakayekuambia njia ya mahojiano ni ya wavivu, mpe rekodi moja tu aiandike.

Msimamizi akaniongezea kazi: niangalie na nyaraka, nisitegemee midomo peke yake. Nikamwomba mkuu wetu daftari la adhabu, akanipa bila kinyongo. Kurasa zilikuwa safi mno. Viboko vinne, vinne, vinne, tarehe za muhula mzima kwa mwandiko mmoja na wino ule ule, hakuna hata mahali palipofutwa. Kwenye pendekezo nikaongeza swali jingine: nani anaandika daftari hili, na analiandika lini.