Ajenda ya saba: ruhusa ya kuwasha moto

Kabrasha la kikao cha mwisho cha Bodi ya Ndaki yetu, hiki chuo kidogo ndani ya chuo kikubwa, lilikuwa nene. Katikati yake, baada ya matokeo ya mitihani ya marudio na kabla ya mengineyo, palikuwa na mstari niliouchapa mwenyewe: "Ombi la Idara ya Sanaa za Maonyesho kuruhusiwa kuwasha moto ndani ya eneo la chuo." Mwenyekiti alipofika hapo alivua miwani, akaifuta, akausoma tena. Mjumbe mmoja wa uhasibu akauliza kama tunataka kuchoma mishkaki. Wote wakacheka isipokuwa mwalimu wetu wa ngoma, ambaye alikuwa anangoja tangu Machi ombi lake lipande ngazi zote hadi lifike mezani.

Wasioijua Iringa wanadhani ngoma ni ngoma tu, unaitoa stoo unaipiga. Huku kwetu msimu wa mvua ngozi inalala inakunywa unyevu usiku kucha, na mwezi wa sita na wa saba mvua ikishakwisha inakuja baridi ya kuvaa koti hadi saa nne asubuhi. Kipindi cha vitendo kinaanza saa mbili. Ngoma imelegea, wanafunzi wanapiga wanaumia viganja, na mlio hautoki. Siku zote walikuwa wanawasha maboksi nyuma ya karakana kwa siri, hadi mlinzi mgeni alipoona moshi akapiga simu, na kesho yake ikatoka barua ya kupiga marufuku "uchomaji wa aina yoyote". Ndiyo maana tukaenda kikaoni.

Mjumbe mwingine akapendekeza tununue hita ya umeme. Mwalimu hakubishana naye. Alikuwa amekuja na ngoma mbili za ukubwa mmoja, moja ameitoa stoo ilivyo, nyingine ameianika juani tangu asubuhi. Akaibana ya kwanza katikati ya miguu akaipiga: mlio kama godoro linalokung'utwa. Akapiga ya pili, na katibu muhtasi wa Rasi, mkuu wa ndaki, akafungua mlango kuangalia kuna nini. Halafu mwalimu akaeleza polepole kama anavyowaeleza mwaka wa kwanza. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba, inakaza upesi na kulegea upesi. Ya ng'ombe, ile ya ngoma kubwa, inataka muda. Huachi ngoma mbele ya moto ukaondoka. Unaizungusha, unaigonga kwa ncha za vidole, unasikiliza, kwa sababu joto likizidi ngozi inachanika pale pembeni kwenye vigingi. Na aliyesimama pale akisikiliza, alisema, ameshaanza kujifunza somo, maana kulinganisha milio ya ngoma tatu ni nusu ya kozi.

Kumbukumbu zinasomeka hivi: Bodi iliridhia moto uwashwe ndani ya pipa lililokatwa, nyuma ya karakana, pakiwepo ndoo mbili za mchanga, kizimamoto, na mtu mmoja anayewajibika, mlinzi wa zamu ajulishwe kabla. Mtekelezaji: Mkuu wa Idara. Ni sentensi mbili. Nyuma yake kuna madokezo manne, yaani maombi ya maandishi ya ndani ya ofisi, na barua moja ya ofisi ya usalama ambayo ilikuwa na makosa ya tahajia nisiyoyataja hapa.

Mimi ni afisa utawala wa ndaki. Naandika kumbukumbu za vikao, na tangu mtunza stoo wetu alipostaafu, funguo za stoo ya ngoma na maleba, yaani mavazi ya jukwaani, zimebaki kwenye mkoba wangu, "kwa muda". Wanafunzi wananiita Mama Stoo. Asubuhi nabishana na wahasibu kwa niaba ya wasanii, jioni nabishana na wasanii kwa niaba ya wahasibu. Na nina maoni ambayo karakana hawayapendi: onyesho likifa, mara nyingi linafia ofisini kabla halijafika jukwaani, na linakufa kwa kuwa hakuna aliyeandika dokezo mapema. Msanii anasema "mama, roho ya kazi haiingii kwenye fomu". Sawa mwanangu, lakini nauli ya kuwapeleka waigizaji ishirini Mafinga inaingia kwenye fomu, na isipoingia mtaigizia hapo hapo getini.

Leja nayo ilileta ugomvi. Nilipokabidhiwa stoo, nilikuta ngoma ambazo hazikuwa na namba wala mwaka wa kununuliwa. Ngoma isiyo na namba ni ngoma ya mtu yeyote: inaazimwa kwenda kipaimara Kihesa, inaazimwa kwenda harusi Ipogolo, ikirudi imerudi. Nikataka zipigwe namba kwa rangi nyeupe. Walimu wakaja juu, wakasema nataka kuzifanya madawati. Tukapatana namba iandikwe ndani, kwenye ubao, mahali ambapo hadhira haioni lakini mkono ukiingia kwa chini unaigusa. Njuga zilinishinda. Njuga hazikai jozi. Mtu anavaa mguu huu za jozi moja, mguu ule za nyingine, na mwisho wa muhula nabaki na pingili zisizo na ndugu.

Lakini kinachonikera hasa ni malipo ya fundi. Kuna mzee anayetutengenezea ngoma, anaishi kijiji kimoja upande wa Kalenga. Gogo analichagua mwenyewe, analichimba kwa tezo, analiacha kivulini likauke taratibu lisipasuke. Ngozi anailoweka, anaikwangua manyoya, anaiwamba ingali mbichi na kuipigilia vigingi huku akivuta pande zote sawa, kisha jua linamalizia. Ukimwendea anakupokea kwa kamwene, salamu ya Kihehe, na ugali, na bei yake haijawahi kuwa ya kumkomoa mtu. Sasa mlipe mzee huyu kupitia chuo cha umma. Ununuzi wetu unapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni, ulioanza kutumika mwaka 2023, ambamo mzabuni anatakiwa awe amejisajili. Mzee hana namba ya mlipakodi, hana mashine ya risiti, na simu yake ni ya tochi. Duka moja la mjini lenye kila karatasi lilituletea bei ya ngoma za kupambia hoteli, zimepakwa vanishi na kuchorwa twiga ubavuni. Bei mara tatu, mlio hakuna. Kwa karatasi, lile duka ndilo lililostahili kushinda.

Tulichofanya ni kwenda kwa masurufu, fedha anazopewa mtumishi mkononi kwa kazi maalumu na ambazo lazima azitolee hesabu kabla ya kupewa nyingine. Mkuu wa Idara akachukua masurufu kwa jina lake, akamlipa mzee taslimu mbele ya mtendaji wa kijiji, wakasaini hati ya kukiri malipo, mhuri ukagongwa. Mhasibu akaikataa mara ya kwanza kwa sababu hapakuwa na risiti ya EFD, ile ya mashine. Nikapanda ghorofani mwenyewe na kumuuliza machinjioni anaponunua ngozi ya mbuzi huwa anapewa risiti ya EFD? Akaniambia hajawahi kununua ngozi ya mbuzi. Nikamwambia ndiyo hivyo, mimi nimewahi. Ikapita, lakini kwa muda wote ambao karatasi ilikuwa inazunguka Mkuu wa Idara hakuweza kuchukua masurufu mengine, na safari ya wanafunzi wa mwaka wa pili ikasogezwa hadi muhula mwingine. Sisemi utaratibu uondolewe. Nimeona vya kutosha nikajua kwa nini upo. Nasema aliyeuandika alikuwa anawaza viti na kompyuta, na kati ya watu wanaofundisha taifa hili utamaduni wake hakuna aliyekaa naye meza moja.

Ukumbi nitaupita haraka. Ni mmoja, unagombewa na mitihani, mahafali, ibada za wanafunzi na harusi za watu wa nje, kwa sababu harusi zinaleta mapato ya ndani na igizo haliingizi kitu. Jumamosi zote za Agosti mpaka Desemba msijisumbue kuuliza.

Mitihani ya vitendo ndiyo inayowagawa walimu wetu wenyewe. Wako waliotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako sanaa za maonyesho zinafundishwa tangu miaka ya 1960, na wako waliopitia Bagamoyo, kwenye kile chuo cha sanaa cha mwaka 1981 ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Wa kwanza wanataka insha. Wa pili wanataka jasho. Mwaka huu mzozo ulikuwa juu ya mganda. Kijana mmoja wa mwaka wa tatu, mtu wa Manda, kule Ludewa kando ya Ziwa Nyasa, aliwafundisha wenzake mganda kwa wiki kadhaa kisha wakaucheza kama mtihani wa kikundi. Mganda ni ngoma ya nidhamu. Umbo lake lilitokana na gwaride la askari wa enzi za Vita Kuu ya Kwanza, wachezaji wanapanga mistari, magoti yanapanda pamoja, vibuyu vya kupuliza vinajibu ngoma kubwa, na kiongozi anakagua safu yake kama ofisa. Mmoja akikosea hatua, mstari mzima unajua.

Walicheza vizuri hadi wapishi wa kantini wakatoka na miko. Shida ikaja kwenye alama. Mwalimu mmoja alitaka wote wapate sawa, kwa kuwa mganda hauna nyota. Mwingine akasema kijana wa Manda ndiye aliyefundisha, alama zake haziwezi kulingana na za aliyekuwa safu ya nyuma anatazama miguu ya jirani. Wa tatu akauliza kama kijana anapewa alama kwa kucheza ngoma aliyoikuta kwao tangu utotoni, au kwa alichojifunza chuoni. Hapo pakachafuka. Mtahini wa nje alifika ngoma imeshaisha, akaonyeshwa video iliyochukuliwa kwa simu, ambayo robo yake ni mgongo wa mtu mwenye sweta jekundu. Alichoandika kwenye ripoti ni kwamba mwalimu wa ngoma ya asili amtaje aliyemfundisha, na kwamba kufundisha wenzako kuwe na alama zake peke yake. Idara ikakubali, na mwakani fomu ya tathmini itakuwa na safu mpya. Mimi ndiye nitakayeichora.

Nimalizie na Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, maana ndiyo kazi kubwa ya muhula ujao na bodi imeipitisha. Kila kizazi cha wanafunzi kinakuja na wazo la kumwigiza, na kila kizazi kinaanzia Lugalo, 17 Agosti 1891, kikosi cha Mjerumani Zelewski kinavamiwa, mikuki inaruka. Naelewa, vita inavutia. Kikundi cha safari hii kimekuja na jingine: wanataka kuanzia mwaka 1954, siku fuvu lake liliporudishwa kutoka Ujerumani, ndipo simulizi lirudi nyuma hadi kuanguka kwa ngome ya Kalenga 1894 na kifo chake Julai 1898. Nililipenda wazo. Kisha ikaniangukia mezani fomu ya kuazima vifaa, imejazwa kwa mwandiko safi: mikuki 12, ngao 12, kaniki mita 30, fuvu la plastiki 1, litoke maabara ya biolojia.

Nikaipeleka kwa Mkuu wa Idara bila kusaini. Tukaona kabla ya maabara tuulize Kalenga, ambako fuvu lenyewe limehifadhiwa kwenye makumbusho na watu wa ukoo wapo. Tulikwenda na mwongozaji na wanafunzi wawili. Mzee mmoja alisikiliza kila kitu kwa utulivu, mikuki, ngao, gavana Mwingereza na kofia yake, akawa anaitikia. Tulipofika kwenye fuvu akauliza, "Letu si lipo hapa? Hilo la plastiki ni la nani?" Mwongozaji akaanza kueleza kuhusu ishara jukwaani. Mzee akamwambia, "Mwanangu, sijakataa igizo. Nimeuliza ni la nani."

Njiani kurudi hakuna aliyeongea hadi mwongozaji alipotoa kalamu akakata mstari kwenye fomu. Sasa wanafanya mazoezi na sanduku lililofungwa, waigizaji wanne wanalibeba, na halifunguliwi. Nimetazama mazoezi mawili nikiwa nimesimama mlangoni na funguo zangu. Yule binti anayeigiza mwanamke wa ukoo ameacha kulia kwa sauti kama alivyokuwa akilia mwanzo. Sasa anaweka kiganja juu ya kifuniko na kuwauliza waliobeba kama wamekula. Bodi nayo ikaongeza sharti kwamba ncha za mikuki ziwe za mbao, na watakaotoka Kalenga wakaribishwe viti vya mbele, na nauli yao iingie kwenye bajeti. Iliingia, maana niliiandikia dokezo mapema.

Kilichobaki ni pazia. La sasa limepigwa na jua hadi limekuwa rangi ya chai ya maziwa, na mwongozaji anataka jeusi zito linalozuia mwanga. Nimeshazunguka maduka ya vitambaa Miyomboni na Mshindo. Mwenye kitambaa hana mashine, mwenye mashine anauza shifoni. Ukimjua mtu mwenye vyote viwili, mwambie aje stoo kabla ya saa tisa na nusu, na aje na namba yake ya mlipakodi.