Siku ya kumi baada ya dripu

Mgonjwa wa saratani akishamaliza dripu ya kwanza ya dawa za kuua seli za saratani (kemotherapi), iwe Mnazi Mmoja au ng'ambo ya bahari Ocean Road, mara nyingi huambiwa arudi baada ya siku 21. Wengi huuliza kwa nini isiwe wiki ijayo, ugonjwa ukapigwa haraka. Wengine, hasa wa Pemba, boti ikiahirishwa kwa upepo wa kusi, huuliza kuna tabu gani wakichelewa wiki mbili. Maswali yote mawili yana jibu moja, nalo limo katika namna dawa hizi zinavyofanya kazi.

Dawa nyingi za zamani za dripu haziitambui seli ya saratani. Zinaipata seli yoyote inayojigawa. Siklofosfamaidi huzigandisha nyuzi mbili za DNA zisiweze kuachana. Doksorubisini hujipenyeza katikati ya nyuzi hizo na kukizuia kimeng'enya kinachozifungua. Methotreksati huinyima seli folati, vitamini inayohitajika kujengea DNA mpya. Vinkristini na paklitakseli huenda kwenye nyuzi nyembamba zinazovuta kromosomu huku na huku wakati wa kujigawa: ya kwanza inazuia zisijengeke, ya pili inazikaza zisifumuke. Njia ni tofauti, lakini mwisho ni mmoja, seli inakwama na kufa. Mwilini mwa mtu mzima zinazojigawa kwa kasi ni seli za uboho wa mifupa, za ngozi ya ndani ya mdomo na utumbo, na za mashina ya nywele. Ndiyo maana madhara yanaanzia huko.

Uboho, unaotengeneza chembe za damu, ndio unaopanga kalenda. Neutrofili, yaani chembe nyeupe zilizo askari wa kwanza dhidi ya bakteria, huishi muda mfupi sana kwenye damu, na uboho ukisimama hakuna za kuzirithi. Kwa dawa nyingi, zinafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha zinapanda, na kufikia siku ya 21 huwa zimerudi. Ukiwahisha dripu, unaupiga uboho ambao haujainuka. Ukichelewesha, seli za saratani zilizosalia zinapata nafasi ya kuongezeka. Uvimbe wa sentimita moja unakadiriwa kuwa na seli bilioni moja, na kila duru, yaani dripu moja na mapumziko yake, huua sehemu ya zilizopo, si zote. Dawa ikiua asilimia 99.9, bado zimebaki milioni moja, ambazo hazishikiki kwa mkono wala hazionekani kwenye picha. Kwa hiyo uvimbe kuyeyuka baada ya duru ya tatu si ruhusa ya kuacha ya nne, na naomba sana jambo hili lieleweke, kwa sababu wanaoachia hapo ni wengi.

Kabla ya kila duru hupimwa damu, na hapo kuna kosa linalojirudia: kutazama jumla ya chembe nyeupe peke yake. Chukua mtu mwenye chembe nyeupe 3.2 (bilioni kwa lita ya damu), neutrofili asilimia 40. Zidisha 3.2 kwa 0.40, unapata 1.28. Taratibu nyingi zinataka neutrofili angalau 1.5, na chembe sahani, zile za kugandisha damu, 100 kwa kipimo hichohicho. Mtu huyu kwa kawaida atasubiri, ingawa 3.2 ilionekana si mbaya.

Sasa siku ya kumi yenyewe. Mgonjwa yuko nyumbani Micheweni au Makunduchi, jioni anahisi baridi. Jambo la kwanza ni kipimajoto, si Panadol, kwa sababu Panadol inashusha joto na kuficha hatari bila kuiondoa. Joto likifika 38, ni dharura ya usiku huohuo. Usisubiri usaha, uvimbe wala kikohozi: usaha ni neutrofili zilizokufa, na mtu asiye na neutrofili hatoi usaha hata bakteria wakiwa wamejaa kwenye damu. Kipimo cha malaria kifanywe, lakini kisicheleweshe antibiotiki ya mshipa, ambayo inatakiwa ianze ndani ya dakika 60 tangu afike hospitali. Anayempeleka achukue karatasi yenye jina la dawa na tarehe ya dripu, na aseme maneno haya mlangoni: "Daktari, huyu yuko kwenye dawa za saratani, leo siku ya kumi, ana homa." Bila hayo anaweza kuwekwa foleni na wenye mafua.

Kipimo cha dawa hufuata eneo la mwili. Urefu kwa sentimita mara uzito kwa kilo, gawa kwa 3600, kisha tafuta kipeuo cha pili. Mwanamke wa sentimita 158 na kilo 58 anapata mita za mraba 1.6. Doksorubisini ya miligramu 60 kwa kila mita ya mraba inakuwa 96, na siklofosfamaidi ya 600 inakuwa 960. Apimwe uzito kila anapokuja. Akipungua asilimia 10, hesabu ianze upya.

Doksorubisini ina hesabu nyingine isiyofutika. Inachosha misuli ya moyo, na jumla ya maisha yote haitakiwi kupita miligramu 450 hadi 550 kwa mita ya mraba. Duru nne za 60 tayari ni 240. Mgonjwa akihama hospitali, jumla hiyo ihame naye kwa maandishi.

Dawa hiyohiyo ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Kanula, yaani mrija mdogo unaoachwa kwenye mshipa, iwe mpya, isikae kwenye kiungo, na damu irudi kabla ya kusukuma. Mgonjwa akisema "pananiwasha", simamisha papo hapo. Usiing'oe kanula: vuta kwanza dawa unayoweza kuipata, ndipo uitoe, kisha kanda kwa barafu dakika 15 hadi 20, mara nne kwa siku. Vinkristini ni kinyume, hukandwa kwa joto, na baridi huzidisha madhara yake. Vinkristini hiyo ikiingizwa kwenye uti wa mgongo kwa makosa, karibu kila mara inaua. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mwaka 2007 ichanganywe kwenye mfuko mdogo wa dripu badala ya bomba la sindano, kwani mfuko hauwezi kuchanganywa kirahisi na sindano ya mgongoni.

Anayepewa doksorubisini pamoja na siklofosfamaidi aelewe mkojo wake. Mwekundu siku ya kwanza au ya pili ni rangi ya dawa. Mwekundu siku ya nne huenda ni damu, kwa sababu siklofosfamaidi ikivunjwa mwilini hutoa akrolini inayochubua kibofu. Kinga yake ni maji lita 2 hadi 3 kwa siku na kukojoa mara kwa mara. Ramadhani siku hizo si za kufunga, na mgonjwa ana ruhusa yake.

Vidonge navyo vina mitego. Methotreksati ya vidonge, pale inapoandikwa mara moja kwa wiki, ikimezwa kila siku inaweza kuua. Diklofenaki inaizuia isitoke kwenye figo, na Septrin nayo inagusa folati, kwa hiyo muuzaji wa duka la dawa aambiwe kabla hajatoa chochote. Balungi linazuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa kadhaa za vidonge, imatinibu ya saratani ya damu ikiwemo, na dawa inapanda kwenye damu. Majani ya mstafeli hayajathibitishwa kwa binadamu kuwa yanaponya saratani. Anayeyachemsha amwambie daktari, asifiche.

Kwa saa 48 baada ya dripu, mkojo, choo na matapishi vina dawa. Anayesafisha avae glovu, choo cha kuvuta kivutwe mara mbili kikiwa kimefunikwa, na shuka zilizochafuka zifuliwe peke yake. Mjamzito wa nyumbani asizifue yeye.