Nahodha wa raga, fainali inanukia

Kazi kubwa ya nahodha wiki ya fainali ni kuamua mapema. Penalti ikipatikana, una njia nne: kupiga kwenye milingoti upate pointi 3, kupiga mpira utoke nje kisha timu yako ndiyo irushe kwenye laini-auti (safu mbili za wachezaji wanaougombea mpira unaorushwa kutoka nje), kuanza haraka kwa kuugusa mpira kwa mguu, au kuomba skramu, pale wachezaji wa mbele wa timu zote mbili wanaposhikana na kusukumana kuwania mpira. Ukishamwambia refa kwamba mnapiga milingoti, hakuna kugeuza, na mpigaji ana sekunde 60 tu. Kwa hiyo kaa na mpigaji wako, mtembee uwanjani, akuonyeshe hasa ni wapi anapofunga bila wasiwasi. Usikisie.

Mkiwa nyuma kwa pointi 4, dakika zikiyoyoma, penalti haiwaokoi. Mnahitaji trai, yaani kuugusisha mpira chini ndani ya eneo la goli la wapinzani, pointi 5. Hesabu hii wachezaji wote 15 waijue, maana wenzako wakianza kukupigia kelele kila mmoja na lake, utayumba.

Laini-auti ndiyo huharibika kwanza kwenye fainali. Mrushaji anakaza mikono, mpira unapinda, wapinzani wanachukua. Bakisheni ishara tatu za kuambiana mpira unarushwa kwa nani, mnazozijua usingizini, achaneni na zile kumi za mazoezini.

Na refa? Ongea naye wewe peke yako, mchezo ukiwa umesimama, kwa sauti ya chini: “Refa, tusaidie, namba 7 wetu anakosea wapi?” Jibu lolote mpelekee huyo namba 7 papo hapo, kabla hajaonyeshwa kadi ya njano na kuwaacha 14 kwa dakika 10.